Kambale wa Vizimbani Hawakui, Wanapungua au Wanakufa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupunguza Samaki

Kambale wa kizimbani wakianza kudumaa, neno la kwanza analoambiwa mfugaji ni kwamba amewasonga. Basi anatoa mia mbili, anawahamishia kizimba kingine kilicho hatua chache kwenye bwawa lilelile, anangoja. Wiki mbili zikipita hali ni ileile, na sasa ana vizimba viwili vya kuhudumia.

Nayaandika haya kwa ajili ya mfugaji huyo. Nazungumzia kambale wa Afrika (Clarias gariepinus), ambaye kando ya Ziwa Victoria wengi humwita mumi, anayefugwa kwenye vizimba vya wavu ndani ya bwawa la udongo, bila mashine ya kuingiza hewa na bila maji yanayopita wakati wote. Ndiyo hali ya wengi wetu.

Kambale huvumilia kubanana kuliko samaki wengi tunaowafuga. Uholanzi hufugwa kwenye matangi yenye zaidi ya kilo 200 za samaki ndani ya mita moja ya ujazo, nao hula na kukua, kwa sababu maji yale huchujwa saa zote. Kwa hiyo ukiona kilo 40 kwa mita ya ujazo zinakushinda bwawani, usiulize tu kama kizimba kimejaa. Uliza kama bwawa limejaa.

Hesabu ya kwanza: kilo kwa bwawa zima

Idadi nyingi za kupandikiza huazimwa. Mtu ametembelea vizimba vya sato ziwani, Mwanza au Siaya, akaulizia wanaweka wangapi kwa mita ya ujazo, akarudi nayo nyumbani. Ziwani maji hupita kizimbani mchana na usiku, na uchafu huondoka nayo. Bwawani maji yaliyotoka kizimbani asubuhi ndiyo yatakayorudi jioni, yakiwa na mkojo, kinyesi na chakula kilichooza.

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 30 lenye kina cha wastani cha mita 1.2. Hiyo ni mita za mraba 600 na mita za ujazo 720. Weka vizimba vinne upande wenye kina kirefu zaidi, kila kimoja mita 2 kwa 2 na mita 1 ndani ya maji: jumla mita za ujazo 16. Pandikiza vifaranga 100 kwa mita ya ujazo, yaani 1,600. Ukivitazama vizimba vyenyewe, idadi hiyo haitishi hata kidogo.

Sasa tazama bwawa. Vifaranga wakifika gramu 50, wakiwa wamebaki 1,500 hivi, una kilo 75 za samaki. Ukiwalisha asilimia 4 ya uzito wao, unamwaga kilo 3 za chakula kwa siku, sawa na kilo 50 kwa hekta. Wakifika gramu 200, ni kilo 300 za samaki na kilo 9 za chakula (asilimia 3 ya uzito wao), yaani kilo 150 kwa hekta. Wakifika nusu kilo, wakiwa wamebaki 1,440, una kilo 720 za samaki na zaidi ya kilo 14 za chakula kila siku (asilimia 2): kilo 240 kwa hekta.

Wafugaji wa Marekani, wanaofuga kambale wa kwao kwenye mabwawa, wana kanuni ya zamani kwamba pasipo mashine ya hewa chakula kisizidi kilo 30 hadi 35 kwa hekta kwa siku. Kambale wao hutegemea matamvua peke yake. Wetu ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, ndiyo maana huvuka kanuni hiyo bila kufa. Lakini kiungo hicho humpatia oksijeni tu, hakimwondolei amonia majini, ile sumu inayotokana na chakula na uchafu wa samaki. Kwa bwawa lisilobadilishwa maji, mimi hushauri mfugaji apange kilele cha kilo 60 hivi kwa hekta kwa siku, na asivuke hapo mpaka awe na njia ya uhakika ya kutoa maji machafu na kuingiza mapya.

Kwa bwawa letu hilo, kilo 60 kwa hekta ni kilo 3.6 za chakula kwa siku, zinazotosha kilo 180 za kambale wa nusu kilo. Ni kizimba kimoja. Kwa bwawa la mita za mraba 300, la ukubwa uliochimbwa kwa wingi Kenya kwenye mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, ni nusu yake: kilo 90, yaani kambale 180 hivi. Najua idadi hiyo inakatisha tamaa kwa mtu aliyekwisha kununua neti na maboya. Hata hivyo ni afadhali kuijua kabla ya kununua vifaranga.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini matatizo hujitokeza mwezi wa tatu au wa nne na si mwanzoni. Idadi ya samaki haijaongezeka, lakini chakula kinachoingia majini kimeongezeka mara tatu, mara tano.

Mambo ya kuangalia kabla ya kugusa samaki

Je, shida iko kwenye kizimba kimoja au vyote? Ikiwa ni kimoja, shughulika na kizimba hicho: wavu wake, mahali kilipo, samaki waliomo. Ikiwa ni vyote kwa siku zilezile, shughulika na bwawa au chakula.

Pili, maji ya ndani ya kizimba na ya nje yanafanana? Kama una kipimo cha oksijeni, pima ndani, kisha mita tatu nje, kwenye kina kilekile, alfajiri kabla jua halijachomoza. Ndani kukiwa chini sana kuliko nje, wavu umeziba au vizimba vimebanana. Kote kukiwa chini, hata uoshe wavu kila siku hutapata nafuu.

Kama huna kipimo, mtumie perege anayeishi huru bwawani. Karibu kila bwawa la udongo lina perege hata kama hukuwaweka. Hana uwezo wa kambale wa kuvuta hewa, kwa hiyo hulalamika mapema. Nenda saa kumi na moja alfajiri, simama kimya ukingoni. Ukiona perege wamejipanga juu, midomo ikifunguka na kufumba kwenye utando wa maji, na hawakimbii ukisogea, bwawa lote halina hewa.

Tatu, tatizo lilikuja ghafla au polepole? La usiku mmoja huwa ni hewa, sumu au maji kupinduka, yaani ya chini kupanda juu. La wiki kadhaa huwa ni chakula, amonia au ukubwa uliopishana. Andika kwenye daftari chakula unachotoa na vifo vya kila siku, maana kumbukumbu ya kichwani hulainisha mambo.

Dalili: kambale wanakaa juu ya maji

Kambale kupanda juu si ugonjwa. Hupanda, hunyakua hewa, hushuka mara moja. Cha kutazama ni mwendo. Mzima hupanda kwa kasi na kuzama kwa kasi, na ukipitisha kivuli cha mkono hutoweka. Aliye taabani huning'inia kichwa juu, mkia chini, au huelea ubavu bila kujali kivuli.

Wakipanda mara nyingi mno alfajiri na kutulia mchana, oksijeni ya bwawa huisha usiku. Mwani unaotoa hewa mchana huitumia usiku pamoja na samaki na matope. Tumbukiza mkono wima majini: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika nusu ya mkono chini ya kiwiko, mwani umezidi. Punguza chakula kwa nusu, toa maji ya chini na kuingiza mapya, na usitie mbolea. Bwawa lenye samaki wanaolishwa chakula cha kununua halihitaji samadi kabisa.

Wakining'inia hata saa nane mchana, jua likiwa kali na maji ya kijani, oksijeni haikosekani. Hapo fikiria amonia, nitraiti (sumu inayotokana na amonia), au vimelea kwenye ngozi na matamvua. Mshike mmoja, inua kifuniko cha matamvua. Rangi nyekundu iliyoiva ni ya afya. Rangi ya kahawia kama ya chai ya rangi inaonyesha nitraiti imeingia kwenye damu na kuizuia kubeba hewa. Chumvi ya kawaida husaidia, kwa sababu kloridi yake hushindana na nitraiti kuingia kwenye matamvua. Gramu 100 za chumvi kwa mita ya ujazo huongeza takriban miligramu 60 za kloridi kwa lita, nayo kanuni ya kawaida ni kuwa na kloridi angalau mara kumi ya nitraiti. Kwa bwawa letu la mfano ni kilo 72 za chumvi. Ni gharama inayobebeka, ila ni ya dharura. Usipopunguza chakula nitraiti itarudi, na kila maji yanapotolewa chumvi huondoka nayo.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika: kizimba kuzama. Boya likipasuka au mapipa yakiingiza maji, mfuniko wa wavu hushuka chini ya uso wa maji na kambale hawapati pa kuvutia hewa. Uso wa kizimba uliofunikwa na magugu maji huleta shida hiyohiyo. Acha angalau sentimita 20 za wavu juu ya maji, na ukague maboya kila unapolisha. Kwa sababu hiyo pia kizimba kipana chenye kina kifupi kinamfaa kambale kuliko chembamba kirefu: kwa ujazo uleule, kila samaki ana eneo kubwa zaidi la kupandia.

Dalili: chakula kinabaki

Kambale akigoma kula anatoa onyo siku kadhaa kabla ya kufa, na ndiyo sababu napenda chakula kinachoelea hata kikiwa na bei juu. Cha kuzama hukuficha onyo hilo.

Kwanza hakikisha kwamba hakijatoka tu kizimbani. Kambale hula kwa vurugu, mawimbi yake husukuma punje nje kupitia macho ya wavu, nawe unaziona zinaelea huko na kudhani hawali. Zungushia ndani ya kizimba mkanda wa neti yenye macho madogo, sentimita 15 juu ya maji na 30 chini, punje zisitoke. Mkanda huo ukibana pembe moja ndogo, wenye nguvu watakula na wanyonge watakosa, uwe mpana.

Kama vizimba vyote vinabakiza chakula, pima amonia. Muda wa kupima ndio watu wanaokosea. Amonia iko majini kwa sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka pH (kipimo cha tindikali ya maji) inapopanda, yaani tindikali inapopungua. Maji yakiwa nyuzijoto 28, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni asilimia 6 na nusu hivi. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 40. Mwani unapofyonza hewa ya kaboni mchana kutwa, pH ya bwawa hupanda. Kwa hiyo bwawa lililopimwa saa mbili asubuhi likaonekana salama linaweza kuwa linawaunguza samaki matamvua saa kumi jioni. Pima amonia na pH pamoja, saa kumi jioni.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwage chokaa ukiona samaki wamezubaa. Najua ni ushauri unaotolewa sana. Chokaa ya kuchoma huipandisha pH, na kama amonia imejaa unaigeuza kuwa sumu kwa mikono yako. Chokaa ni ya kutayarisha bwawa kabla ya kujaza maji, au ya kurekebisha maji yenye tindikali, baada ya kupima.

Amonia inatoka wapi? Chakula chenye protini asilimia 35 kina nitrojeni asilimia 5.6. Zile kilo 14.4 kwa siku za bwawa letu la mfano ni gramu 800 hivi za nitrojeni. Samaki hubakiza mwilini kama theluthi moja. Gramu 540 hivi huingia majini. Ukizigawa kwa mita za ujazo 720 unapata karibu robo tatu ya miligramu kwa lita, kila siku. Mwani na bakteria hula sehemu kubwa, lakini siku mwani unapokufa kwa mawingu ya siku tatu mfululizo, yote hurundikana.

Tiba ni kuacha kulisha siku mbili au tatu, kutoa maji ya chini kwa bomba au mpira, na kuingiza mapya taratibu. Kambale hadhuriki kwa siku tatu bila chakula, ila wenzake wadogo wanaweza kudhurika. Nitalieleza hilo chini. Kisha rudi kwenye hesabu ya kilo kwa hekta. Ukiwa umeshazidisha, uza sehemu. Kambale wa gramu 300 ana mnunuzi mjini, na nafasi anayoiacha hukuza waliobaki.

Vipimo vyote vikiwa vizuri na bado hawali, tazama joto. Kambale hukua vizuri kati ya nyuzi 26 na 30. Chini ya 22 hamu hupungua sana. Mfugaji wa Njombe, Mbeya au Limuru asitarajie mwezi wa saba wale kama mwezi wa kumi na mbili. Alishe kidogo, mchana maji yakiwa yamepata joto. Huku pwani hilo si tatizo, nasi huwalisha vizuri zaidi magharibi na alfajiri, kwani kambale ni samaki wa giza.

Dalili: wachache wakubwa, wengi wadogo

Hapa ndipo msongamano hulaumiwa kuliko popote, na mara nyingi kwa kuonewa. Watoe samaki 30 bila kuchagua, umpime kila mmoja peke yake. Watu wengi huwapima wote kwa pamoja kwenye ndoo na kugawa, wakapata wastani mzuri wa gramu 120. Wastani huo unaweza kuwa wa samaki 25 wa gramu 80 na watano wa gramu 320, na hutajua.

Mkubwa akiwa zaidi ya mara mbili ya mdogo, wachambue. Wakubwa kizimba chao, wadogo chao. Vifaranga wa chini ya gramu 20 wachambuliwe kila wiki moja au mbili. Baada ya gramu 50 kila mwezi hutosha. Fanya asubuhi na mapema, wakiwa wamekaa bila kula tangu jana yake, mikono na beseni vikiwa vimelowa ili ute wa ngozi usitoke.

Ukishachambua, subiri wiki tatu upime tena. Wadogo wakianza kukua, tatizo halikuwa wingi, lilikuwa kuonewa mezani. Wasipokua, angalia kiasi cha chakula na idadi ya milo. Samaki wa gramu 10 anayelishwa mara moja kwa siku hawezi kukua vizuri hata umpe bwawa zima peke yake. Mpe milo mitatu au minne. Wakiwa na chakula cha kutosha, milo ya kutosha, ukubwa sawa na maji safi, na bado wanadumaa, sasa una haki ya kusema kizimba kimejaa.

Dalili: hesabu inapungua na mizoga haionekani

Samaki wamekula wenzao, wamechukuliwa, au wametoroka.

Kambale kula kambale huanza wakiwa vifaranga. Wakiwa chini ya sentimita nne na nusu hivi, humng'ata mwenzake mkia na kumla nusu. Wakizidi hapo, mkubwa humeza mdogo mzima kuanzia kichwani, na huoni alama yoyote. Anayekula wenzake hukua haraka zaidi, na kesho anaweza kumeza walio wakubwa zaidi. Njaa na ukubwa uliopishana ndivyo vichocheo vikuu. Kwa hiyo unapolazimika kuacha kulisha kwa ajili ya amonia, wachambue kwanza kama wana tofauti kubwa, hasa wakiwa wadogo.

Ndege kama mdiria na mnandi, kenge na fisi maji wana alama zao: wavu uliovutwa, tundu lenye ncha zilizokatika, magamba ya perege ukingoni. Paka matope ukingoni jioni, asubuhi utaona nyayo. Nyayo za viatu nazo zitaonekana.

Kuhusu kutoroka, kambale hutambaa nchi kavu usiku wa mvua, na hupanda wavu uliolegea. Mfuniko si wa hiari. Chunguza pia macho ya wavu dhidi ya kichwa cha kifaranga mdogo kuliko wote, si wa wastani.

Dalili: mikia iliyochanika, ndevu zilizokatika, alama za meno

Hapa namwomba mfugaji asikimbilie kupunguza samaki, kwa kuwa anaweza kuzidisha ugomvi. Watafiti wa Afrika Kusini na Uholanzi waliowachunguza kambale wachanga kwenye matangi waliona kwamba ugomvi hupungua msongamano unapoongezeka. Wakiwa wachache kila mmoja hujitengea eneo na kulilinda. Wakiwa wengi haiwezekani kulinda kitu, wanatulia pamoja. Wafugaji wa kambale wa Marekani nao huonya dhidi ya kuweka samaki wachache mno kizimbani kwa sababu hiyohiyo.

Yaani kizimba kimoja chenye samaki 400 na bwawa lenye nafasi ni bora kuliko vizimba vinne vyenye mia mia. Mzigo kwa bwawa ni uleule, ila ugomvi ni mdogo na kazi ni ndogo. Ukiona majeraha, tazama kama umewatawanya mno, kama milo inachelewa na kubadilika saa, kama kizimba kiko juani bila kivuli. Funika nusu ya mfuniko kwa makuti au turubai. Kambale gizani hutulia, na hilo unaliona siku ileile: mirukoruko ya mchana hukoma.

Dalili: kizimba kimoja kinadhoofu, vingine vizima

Ingiza mkono majini, pitisha kiganja kwenye wavu kuanzia juu hadi chini. Ukihisi utelezi mzito na huhisi macho ya wavu kwa ncha za vidole, maji hayapiti. Wavu wa macho ya milimita 6 unaotumiwa kwa vifaranga unaweza kuziba ndani ya wiki mbili kwenye bwawa la kijani. Mara samaki wanapofika ukubwa unaoruhusu, wahamishie wavu wa milimita 13 au zaidi. Hilo peke yake limefufua vizimba vingi vilivyodhaniwa vimejaa. Sugua kwa brashi asubuhi, si jioni, ili uchafu unaotoka usile hewa ya usiku.

Kisha pima chini ya kizimba. Kati ya sakafu ya wavu na tope pawe na nusu mita. Kiangazi maji yakipungua, kizimba hukaa juu ya kinyesi chake chenyewe. Vizimba viachane mita tatu au zaidi, upande wa bwawa unaopigwa na upepo, wala visiwe pembeni kwenye majani.

Dalili: wamekufa usiku mmoja baada ya mvua kubwa

Mvua baridi hushuka chini na kuyapandisha maji ya chini yasiyo na hewa, yenye harufu ya mayai viza. Samaki walio huru hukimbilia kwenye mlango wa maji. Wa kizimbani hawana pa kukimbilia. Ondoa mizoga, usilishe, nyunyiza maji mapya juu ya vizimba kwa pampu. Bwawa lenye tope nene ndilo hupata msiba huu, kwa hiyo baada ya mavuno likaushe na kutoa tope kabla ya kujaza tena.

Dalili: matumbo kuvimba na kupasuka, au ufa kichwani

Tumbo kujaa na utumbo kupasuka huwapata kambale wanaoshindiliwa chakula wakati wa joto. Ni wakubwa na wanene ndio hufa, jambo linalowashangaza wafugaji. Punguza kiasi, ongeza milo. Ufa au kovu jekundu kwenye fuvu huhusishwa na upungufu wa vitamini C, ambayo hupotea kwenye chakula kilichohifadhiwa muda mrefu au mahali pa joto. Soma tarehe kwenye gunia, na usinunue cha miezi mingi kwa sababu tu kuna punguzo.

Dalili: vifo vya wiki ya kwanza

Havihusiani na idadi uliyoweka kizimbani. Ni safari. Vifaranga walisafiri wakiwa wameshiba, mfuko ulipata joto, au walimwagwa bila kuzoezwa maji. Waelee ndani ya mfuko nusu saa, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, waachie magharibi. Kwa kizimba, nunua wenye gramu 10 au zaidi. Wa gramu mbili ni wa "hapa" kwanza, yaani kizimba kidogo cha neti yenye macho madogo.

Vipimo vikiwa safi na bado wanakufa

Ukiona madoa meupe kama pamba, vidonda vyekundu, ngozi yenye utando wa kijivu, na maji hayana kosa, hapo ni mgonjwa wa daktari. Usimwage antibiotiki bwawani kwa kubahatisha. Mpelekee afisa uvuvi wa wilaya au maabara samaki watatu au wanne walio hai lakini wenye dalili, kwenye mfuko wenye maji na hewa, pamoja na chupa ya maji ya bwawa iliyojazwa hadi juu. Mzoga wa tangu asubuhi hauna faida, kwa kuwa bakteria wa kuozesha huwa wameshafunika ugonjwa wenyewe. Chukua na daftari: idadi uliyopandikiza, uzito wa sasa, kilo za chakula kwa siku, ukubwa wa bwawa, na tarehe kifo cha kwanza kilipotokea.